Kemia ya Mwaka wa Kwanza Katika Vyuo vya Marekani

Kila mwaka vijana wa Kenya huondoka makwao kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, na wale wanaotaka uuguzi, ufamasia, uhandisi au elimu ya kilimo hulikuta mlangoni somo moja lisiloepukika. Somo hilo huitwa kemia ya jumla. Huchukua mihula miwili, na asiyelipita hawezi kuendelea na masomo mengine aliyoyafuata. Wengi wa vijana hao wamekwenda kwa fedha za ng'ombe waliouzwa au kwa mchango wa jamaa na majirani, na wale waliotoa fedha hizo yafaa wajue kazi inayomngoja mtoto wao huko.

Kemia yenyewe ni ngumu, wala hapana haja ya kuficha. Lakini kijana mwenye akili nzuri mara nyingi huangushwa na jambo jingine kabisa, nalo ni kutojua jinsi alama zinavyokusanywa. Huku kwetu amezoea kwamba miaka minne ya shule ya sekondari huamuliwa na mtihani wa mwisho, wenye karatasi tatu za kemia, ya tatu ikiwa ni ya majaribio kwa mikono. Aliyelegea katika kidato cha pili aweza kujikaza katika kidato cha nne na kufaulu. Huko Marekani mambo si hivyo. Alama huanza kuhesabiwa tangu juma la kwanza, na iliyopotea juma hilo haiokotwi tena.

Siku ya kwanza mwalimu huwapa wanafunzi karatasi iitwayo silabasi. Wengi huitazama tarehe za mitihani tu, kisha wakaitia mkobani. Hilo ni kosa kubwa, kwa maana karatasi ile ni mkataba: yaeleza kila sehemu ya kazi ina thamani gani, mtu akikosa jaribio hufanywa nini, akichelewesha kazi hukatwa kiasi gani, na siku ya mwisho ya kuliacha somo ni ipi. Mwanafunzi atakayelalamika baadaye kwamba hakujua ataonyeshwa ukurasa.

Na ichukuliwe kwa mfano karatasi inayosema kwamba mitihani mitatu ya katikati ina alama 45, mtihani wa mwisho 25, kazi ya maabara 20, na mazoezi ya nyumbani 10. Kila mwalimu ana hesabu yake, lakini nyingi hufanana na hii. Mwanafunzi wa kwanza ayadharau mazoezi kwa kuwa ni alama 10 tu, na katika majaribio 10 ya maabara akose mawili. Kabla hajaandika mtihani hata mmoja amekwisha kupoteza alama 14. Akipata katika mitihani yote 75 kwa mia, ambayo si haba, na kazi yake ya maabara iliyobaki akaifanya vizuri kwa 90 kwa mia, jumla yake haifiki 67. Hiyo ni daraja la D. Mwenzake mwenye akili ile ile, aliyepata mitihani ile ile 75 kwa mia, lakini akafanya mazoezi yote na majaribio yote kwa 90 kwa mia, atapata 79 na nusu. Huyo ana C, naye aendelea na muhula wa pili. Yule wa kwanza arudia somo na kulilipia mara ya pili.

Kazi ya kila somo hupimwa kwa kipimo kiitwacho krediti. Sheria ya serikali ya Marekani yaeleza kwamba krediti moja ni saa moja darasani kwa juma na saa mbili, kwa uchache, za kazi nje ya darasa, kwa muda wa majuma kama 15. Kemia ya jumla mara nyingi huwa na krediti nne: saa tatu za kumsikiliza mwalimu, na zamu moja ya maabara ya saa mbili au tatu. Mwanafunzi mwenye krediti 15 kwa muhula, basi, ana kazi ya saa 45 kwa juma. Fauka ya hayo, kijana wa kigeni huruhusiwa kufanya kazi ya mshahara humo chuoni kwa muda usiozidi saa 20 kwa juma wakati masomo yanapoendelea. Mzazi anayengoja kutumiwa fedha nyumbani na azijumlishe saa hizo mwenyewe, ndipo ataelewa kwa nini barua za mtoto zimekuwa fupi.

Mambo yafundishwayo yana faida ambayo mkulima aweza kuiona upesi. Katika majuma ya kwanza mwanafunzi hujifunza uzito wa chembe za kila kitu na jinsi ya kuhesabu sehemu za kitu kimoja ndani ya kingine. Mbolea ya urea ina kaboni moja yenye uzito wa 12, oksijeni moja yenye 16, naitrojeni mbili zenye 28 kwa pamoja, na haidrojeni nne zenye 4. Jumla ni 60. Gawanya 28 kwa 60, utapata karibu 47 kwa mia. Ndiyo sababu gunia la urea huandikwa 46, yaani gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na mwenye shamba akijua hivyo aweza kulinganisha bei yake na ya mbolea nyingine bila kudanganywa na rangi ya gunia. Hesabu hiyo ndogo ndiyo mlango wa somo zima. Asiyeifahamu vema katika mwezi wa kwanza ataona giza katika mwezi wa tatu, maana kila sura yasimama juu ya ile iliyotangulia.

Maabara ina sheria zake, nazo hazina huruma. Mwanafunzi asiye na miwani ya kinga hurudishwa mlangoni. Ndara na makubadhi hayaruhusiwi, wala nguo inayoacha miguu wazi, wala chakula, wala maji ya kunywa. Katika vyuo vingi anayechelewa akayakosa maelezo ya hatari za siku ile hapewi nafasi, naye huandikiwa sifuri kama kwamba hakuja. Aliyekosa majaribio zaidi ya idadi iliyowekwa huanguka somo lote, hata kama mitihani yake ni mizuri.

Kuna watu waonao kwamba huu ni ukali wa bure. Na wafikiri juu ya jambo lililotokea mwezi wa Desemba mwaka wa 2008 katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles. Msaidizi mmoja wa utafiti, msichana wa miaka 23, alikuwa akivuta kwa sirinji kemikali iwakayo yenyewe inapoguswa na hewa. Kemikali ilimwagika, ikawaka, ikashika sweta aliyovaa. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki mwezi wa Januari mwaka wa 2009 kwa majeraha ya moto. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapewi kemikali ya hatari namna ile, lakini tabia ya kuvaa koti na miwani hujengwa katika mwaka huo wa kwanza, wakati ambapo kilichomo ndani ya chupa ni siki tu.

Jambo la daftari la maabara litawafurahisha wasomaji waliofanya kazi ya ukarani. Daftari huandikwa kwa kalamu ya wino, kurasa zina nambari, wala hakuna ruhusa ya kuchana ukurasa. Tarakimu ikikosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili iliyo chini isomeke, kisha ile sahihi ikaandikwa kando yake. Karani wa bohari aliyefundishwa kazi zamani hana la kujifunza hapo. Kufuta, au kupaka rangi nyeupe juu ya maandishi, huhesabiwa kuwa ni kuficha. Wala haifai kuandika kwanza juu ya kipande cha karatasi kwa nia ya kunakili vizuri jioni. Msimamizi aionapo karatasi hiyo huweza kuichukua.

Pamoja na hayo ipo sheria ya tarakimu. Mwanafunzi hasomi zaidi ya kile ambacho chombo chaweza kuonyesha. Bureti iliyochorwa mistari ya sehemu za kumi za mililita husomwa hadi sehemu ya mia, kwa kukadiria baina ya mistari. Kwa hiyo 25 na 25.00 si kitu kimoja. Ya kwanza yasema, kiasi cha ishirini na tano. Ya pili yasema kwamba mtu aliinama, akaweka jicho sawa na maji, akasoma kwa makini. Mkulima aliyepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia aelewa jambo hili vizuri. Ikiwa mizani yaonyesha nusu kilo tu, na karani akaandika kilo 12.375, basi tarakimu zile za mwisho amezitunga mwenyewe, hata kama hakukusudia kumwibia mtu.

Hapo ndipo penye kosa ambalo vyuo hulichukia kuliko mengine, yaani kutunga matokeo. Jaribio limeharibika, saa zimekwisha, na mwanafunzi anajua jibu linalotakiwa. Basi huandika tarakimu zinazoelekea jibu hilo. Huona kwamba amejiokoa. Lakini msimamizi amekwisha kuona maelfu ya majaribio kama lile, na matokeo yaliyo safi mno humshtua upesi kuliko mabaya. Aliyeandika matokeo mabaya kwa ukweli, akaeleza ni wapi alipomwaga au alipopitisha kipimo, hukatwa alama chache. Aliyetunga hupewa sifuri na jina lake hupelekwa kwa wakuu wa chuo, nao waweza kumsimamisha masomo. Hali kadhalika kunakili ripoti ya mwenzake wa meza, ijapokuwa majaribio waliyafanya pamoja na tarakimu ni zao wote wawili: ripoti ni ya kila mtu peke yake. Siku hizi walimu wengi wameongeza kifungu kuhusu programu za kompyuta zinazoandika majibu. Wengine huziruhusu kwa kujifunza, wengine huzikataza kabisa, na aliye na mashaka na aulize kabla ya kuitumia.

Kuuliza ndilo jambo ambalo vijana wa kwetu hulishindwa, wala si kwa ujinga. Mtoto aliyelelewa vema haendi kumgongea mzee mlango bila kuitwa, wala hamwambii mwalimu mbele ya watu kwamba hakuelewa. Lakini silabasi imeandika saa ambazo mwalimu yumo ofisini kwa ajili ya wanafunzi tu, na mwalimu hukaa hapo akingoja. Kwenda si utovu wa adabu. Kutokwenda hufasiriwa kwamba mwanafunzi hana shida au hajali. Ni hivyo hivyo wakati wa msiba. Habari ya kifo nyumbani huweza kumfikia kijana usiku wa kuamkia mtihani, naye akanyamaza, akakosa mtihani, akaja kueleza baada ya majuma mawili. Mwalimu aliyepewa habari siku ile ile aweza kumpangia njia nyingine. Baada ya majuma mawili sheria humfunga mikono hata yeye mwenyewe.

Kuhusu kuliacha somo, kijana wa kigeni ana hatari ambayo mwenzake Mmarekani hana. Baada ya mtihani wa kwanza wengi waliofanya vibaya huona heri kuacha wajaribu muhula ujao, na tarehe ya kufanya hivyo imo katika silabasi. Lakini ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni ya shahada ya kwanza kukaa Marekani humtaka awe na mzigo kamili wa masomo, ambao kwa kawaida ni krediti 12. Mwenye krediti 15 akiacha kemia yenye nne hubaki na 11, na hapo ruhusa yake imeingia mashakani, ingawa hakufanya jinai yoyote. Kwa hiyo asiguse kitu kabla ya kwenda kwa afisa wa chuo anayeshughulikia wanafunzi wa kigeni na kupata idhini yake kwanza. Shauri la rafiki wa chumbani halitoshi.

Njia hii wamekwisha kuipita wengi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1959 vijana 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Muta, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma katika chuo kidogo cha watawa mjini Atchison, Kansas, akapata shahada ya biolojia mwaka wa 1964, na kemia ilikuwa mojawapo ya masomo yake ya kando.

Vitabu ni ghali huko, na kitabu cha kemia hasa. Lakini Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kimekuwa kikitoa vitabu vya kusomwa bure katika intaneti tangu mwaka wa 2012, na cha kemia kimo. Kijana aliye bado nyumbani akingoja visa aweza kuanza sura za kwanza sasa hivi kwa simu yake.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi hukabidhi vyombo vya kabati lake la maabara: chupa, pipeti, vikombe, vyote vikahesabiwa mbele ya msimamizi na kutiwa sahihi. Kilichovunjika hulipwa. Hata aliyeliacha somo katikati ya muhula hutakiwa kuja kukabidhi, na asiyekuja hutozwa faini, na chuo huweza kumzuia asijiandikishe kwa muhula mwingine mpaka deni liishe.