East 17: Kengele za Krismasi na Maneno ya Redioni

Aliyewahi kuingia supamaketi ya Uingereza mwezi Desemba ameshausikia "Stay Another Day", hata kama hajui umeimbwa na nani. Kengele zinalia, sauti zinabembeleza, wateja wanasukuma matoroli. Wachache wanajua kuwa wimbo huo ni wa msiba. Tony Mortimer aliutunga akimkumbuka ndugu yake aliyejiua. Krismasi haimo hata chembe. Kengele zilitiwa mwishoni, video ikapigwa waimbaji wakiwa ndani ya makoti meupe ya manyoya, na watu wakaupokea kama wimbo wa sikukuu. Mwaka 1994 ulikaa namba moja kwa wiki tano, ukamwacha Mariah Carey na wimbo wake wa Krismasi katika namba mbili. Carey alisubiri hadi Desemba 2020 ndipo akafika kileleni mwa chati za Uingereza.

Waimbaji wenyewe ni East 17. Jina ni msimbo wa posta wa Walthamstow, E17, huko inakoishia treni ya Victoria kaskazini-mashariki mwa London.

Mortimer alikuwa na nyimbo, kampuni ya London Records ikazitaka, ila kwa sharti kwamba aunde kundi. John Hendy na Terry Coldwell wakaingia. Brian Harvey aliletwa acheze tu. Walipomsikia akiimba, wakampa maikrofoni. Meneja wao, Tom Watkins, alishawahi kuwasimamia Pet Shop Boys na Bros, hivyo soko alilijua. Manchester tayari ilikuwa na Take That, vijana wa kupendwa na mama wakwe. Watkins akauza kinyume chake: kofia, suruali pana, sura za kununa, lafudhi ya mtaani. Biashara ikakubali. Mwaka 1993 albamu yao ya kwanza, waliyoiita *Walthamstow*, ilishika namba moja.

Januari 1997 Harvey, akiwa na miaka 22, aliulizwa redioni kuhusu vidonge vya ekstasi. Akajibu kwamba havina hatari, vinamfanya mtu kuwa bora, na kwamba yeye aliwahi kumeza 12 usiku mmoja. Wakati huo Uingereza ilikuwa bado haijamsahau msichana wa Essex aliyefariki Novemba 1995 baada ya kumeza kidonge hicho, siku chache tu tangu atimize miaka 18. Hoja ikafika Bungeni, waziri mkuu John Major akaikemea, na Harvey akafukuzwa kundini. Waliomuuza kama kijana wa mtaani walishtuka kusikia anaongea kama kijana wa mtaani.

Simulizi nyingi huishia hapo: mdomo mmoja uliua kundi. Ni nusu ya habari. Nyimbo kubwa za East 17 zilitoka kwenye kalamu ya Mortimer, na katika biashara ya muziki mtunzi ana mirabaha yake mbali na malipo ya mwimbaji. Wanne wanapanda jukwaa moja, lakini hawarudi nyumbani na hundi inayolingana. Mwaka huohuo wa 1997 Mortimer naye akaondoka, na hilo ndilo pigo lililozama zaidi. Harvey alirudishwa, jina likafupishwa kuwa E-17, muziki ukahamia R&B. "Each Time" ulifika namba mbili mwaka 1998, lakini albamu haikushika, na mwaka uliofuata wakatawanyika.

Take That walikuwa wamevunjika mapema zaidi, Februari 1996, hadi zikafunguliwa simu za kuwaliwaza mashabiki. Ila mtunzi wao, Gary Barlow, alirudi pamoja na wenzake, na mwaka 2006 wakawa namba moja tena. East 17 nao walijaribu kurudiana, zaidi ya mara moja, bila kudumu. Siku hizi jina hilo linapandishwa jukwaani na Terry Coldwell, akiwa na waimbaji wapya. Kati ya wale wanne wa Walthamstow, ni yeye peke yake aliyebaki.