Pikipiki Ikizima Njiani, Anza na Vya Bure Kabla ya Kununua Spea

Nauza vitenge mtandaoni, niko Musoma. Wateja wa Bunda na Butiama nawapelekea mwenyewe kwa pikipiki yangu ya zamani ya kabureta.

Masika iliyopita niliahidi kufikisha doti 12 za sare Bunda kabla ya saa sita mchana. Fundi cherehani anasubiri, harusi Jumamosi. Makutano nikapita vizuri. Kabla ya Kiabakari ikaanza kumisi, ikazima. Nikasubiri dakika kumi, nikapiga kiki, ikawaka. Kilomita chache mbele, ikazima tena. Na wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshabadilisha plagi na koili, 28,000 imekwenda, ugonjwa uko palepale.

Mzee mmoja fundi wa kando ya barabara hakushika hata spana. "Kijana, ikipumzika inawaka?" Ndiyo, mzee. "Haya, fungua kifuniko cha tangi."

Nilipofungua, tangi likavuta hewa, fyuuu! Chini ya kifuniko kulikuwa na kipande cha nailoni ya kufungia vitenge. Nilikiweka mwenyewe kuzuia maji ya mvua. Kumbe nimeziba kitundu cha hewa! Hewa isipoingia kwenye tangi, petroli haishuki kwenye kabureta. Ukisimama inapenya kidogo kidogo, kabureta inajaa, unawasha, unaona imepona.

Bunda nilifika saa tisa. Mteja alishanunua sokoni. "Kaka, vitenge vyako vizuri, ila harusi haisubiri." Nikarudi na doti zote 12.

Siku hizi naikagua hivi:

1. Inazima ukishaenda mwendo, ikipumzika inawaka: legeza kifuniko cha tangi, ujaribu. Ikitembea vizuri, zibua kitundu.

2. Bado? Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, kinga chupa, fungua koki. Petroli itoke mfululizo. Ikidondoka matone, safisha koki na chujio lake. Sigara na moto viwe mbali.

3. Inawaka kwa choki tu, ukiirudisha inazima: mara nyingi jeti ndogo ya kabureta imeziba. Ioshe kwa petroli, ipulize kwa upepo wa fundi pancha. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka, pikipiki inageuka mlevi wa mafuta. Kagua pia mpira unaounga kabureta na injini, ukipasuka unaingiza hewa.

4. Soma plagi. Ina masizi meusi makavu? Mafuta mengi, hewa kidogo, anza na chujio la hewa. Nyeupe? Mafuta hayatoshi. Kahawia ya kawaida? Iko sawa, usiibadilishe.

5. Ukiilaza siku nyingi, funga koki na umwage petroli ya kwenye kabureta. Ikikaa humo inaacha utando unaoziba jeti.

Vya bure vikishindikana ndipo uende dukani.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonigharimu zaidi. Siku ile nilizima njiani nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba itawaka tu. Ningempigia dada yule saa tano, pengine angenisubiri, au ningempakilia mzigo kwenye basi la kwenda Bunda. Sasa ikizima, nashika simu kwanza, spana baadaye.

Wewe yako ikizima na mzigo wa mteja, unaanza kushika nini?