Usukani wa Lori Unapougua: Dalili, Uchunguzi na Tiba

Utangulizi

Sultan Hamud ni mji mdogo katika Kaunti ya Makueni, kandokando ya barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Nairobi. Jina lake linatokana na Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia mwaka 1896 hadi 1902, enzi ambayo reli ya Uganda ilijengwa kupita hapo. Usiku na mchana, malori yaliyosheheni shehena za bandarini hupita mjini humu yakielekea Nairobi, Uganda na nchi jirani. Baadhi yake hutua si kwa ajili ya chakula wala usingizi wa dereva, bali kwa sababu usukani umegoma.

Aghalabu, neno la kwanza litajwalo hali hiyo inapotokea ni pampu. Pampu hung'olewa, nyingine hununuliwa kwa bei ghali, kisha lori huondoka na maradhi yaleyale. Makala haya yanakusudia kubainisha jinsi chanzo cha hitilafu kinavyoweza kutambuliwa kabla ya kipuri chochote kununuliwa.

Jinsi usukani unavyofanya kazi

Usukani wa lori husaidiwa na nguvu ya oili. Mafundi huuita pawa sitiaringi. Oili hukaa katika tangi dogo lenye chujio. Pampu, ambayo huzungushwa na injini, huifyonza oili hiyo na kuisukuma kwa shinikizo kubwa hadi kwenye gia boksi ya usukani. Ndani ya gia boksi mna vali inayoielekeza oili upande mmoja au wa pili wa pistoni, kwa kufuata mkono wa dereva. Kutoka hapo, mkono wa chuma na fito zake huyageuza magurudumu ya mbele.

Ikumbukwe kwamba pampu ikifa, vyuma bado vimeungana. Lori laweza kuelekezwa, lakini kwa nguvu nyingi mno ambazo dereva huenda asiwe nazo akiwa katika kona, huku zaidi ya tani 40 zikimsukuma kutoka nyuma.

Lugha ya dalili

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Dereva ndiye shahidi wa kwanza, na kauli kwamba usukani ni mbaya haimfai fundi hata kidogo. Usukani mzito, unaolia, unaocheza na unaovuta ni maradhi manne tofauti.

Usukani ukiwa mzito pande zote mbili, shuku oili iliyopungua, mkanda uliolegea iwapo pampu huzungushwa kwa mkanda, au pampu iliyochakaa. Ukiwa mzito injini inaponguruma polepole na mwepesi inapoongezwa kasi, shaka juu ya pampu au mkanda huzidi. Ukiwa mzito upande mmoja tu, pampu haina hatia, kwa maana ndiyo inayolisha pande zote; kasoro imo ndani ya gia boksi, katika vali au sili zake.

Usukani unaolia huashiria hewa ndani ya oili au chujio lililoziba. Oili yenye povu huthibitisha kuwepo kwa hewa. Aidha, mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu waweza kufyonza hewa kupitia ufa mdogo bila kudondosha hata tone moja la oili. Fundi anayetafuta madoa ya oili chini ya lori hatauona ufa huo.

Usukani unaocheza hauponywi kwa kuongeza oili. Chanzo chake ni viungo vya fito vilivyolika, kingipini zilizochakaa au bolti za gia boksi zilizolegea. Unaovuta upande mmoja, kwa upande wake, hutaka kwanza upepo wa matairi na breki vikaguliwe.

Mpangilio wa uchunguzi

Uchunguzi huanza na yasiyogharimu kitu: upepo wa matairi, kiasi na rangi ya oili, hali ya mkanda na ya mipira. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imepata joto jingi. Uvujaji usitafutwe kwa kiganja, kwani oili yenye shinikizo huweza kupenya ngozi. Kipande cha katoni chatosha.

Baadaye, lori likiwa limeegeshwa mahali tambarare na magurudumu ya nyuma kuzuiwa, ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara. Fito inayotoka kwenye gia boksi hufunguliwa na magurudumu kugeuzwa kwa mkono. Yakiwa bado mazito, kosa ni la kingipini au viungo. Yakiwa mepesi, kosa ni la gia boksi au la pampu. Hapo ndipo geji ya shinikizo hutumiwa kuamua kati ya hizo mbili, kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji.

Tiba

Oili iwe ya aina iliyoagizwa na mtengenezaji, wala aina mbili zisichanganywe. Baada ya ukarabati, hewa hutolewa kwa kujaza tangi, kuinua magurudumu ya mbele na kuzungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kwanza injini ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma taratibu. Oili huongezwa kila inaposhuka, hadi povu litoweke. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwani oili huchemka na pampu huumia.

Hitimisho

Fito au mkono wa usukani uliopinda au kupasuka usichomelewe wala kunyooshwa kwa moto, sharti ubadilishwe. Kipande kilichochomelewa huweza kumfikisha dereva Mtito Andei salama, kisha kikatike mbele ya basi lililojaa abiria. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika barabara hii gharama ya ukuta huo ni uhai wa watu.