Baridi ya Julai na orodha ya kazi 15

Julai pale Namanga ni mwezi wa makoti. Masweta ya mitumba yanatoka haraka, na kwenye vibanda vya chai watu wanapasha mikono kwa kikombe na ndimi kwa habari.

Habari ya Julai 2025 ilipoza hata chai. Serikali ya Tanzania ilitaja kazi 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni za mtaani. Faini haipungui shilingi milioni 10. Wapo waliocheka: soko la pamoja tunalo tangu 2010, lakini kinyozi Mkenya hawezi kufungua kibanda kwa jirani! Wengine wakauliza: na kijana wetu asiye na mtaji aende wapi?

Kicheko kisitupoteze. Amri ile inahusu kufungua kazi, si kuvusha mzigo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha na zisizozidi dola 2,000, bado zinapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Mitumba haimo, maana haikushonwa kwetu. Mwenye mahindi au maharage, dai cheti chako.