Kagua oili kabla ya kuwasha pampu ya maji

Kando ya Mto Sabaki, katika maeneo ya Malindi na Magarini, mahindi, nyanya na matikitimaji ya kiangazi hutegemea pampu ndogo ya petroli. Pampu ikiharibika wakati nyanya zinatoa maua, siku chache za kumsubiri fundi zinatosha kumtia mkulima hasara. Mara nyingi chanzo cha uharibifu huo ni oili.

Pampu nyingi zinazotumika mashambani zina injini ambayo petroli hutiwa kwenye tangi lake na oili mahali pake, bila kuchanganywa. Injini hizi ndogo kwa kawaida hazina kichujio cha oili, na nyingi hazina pampu ya kuisambaza. Ndani kuna kijiko cha chuma kinachopiga oili na kuirushia pistoni na vyuma vingine. Oili yenyewe ni kidogo: injini ya nguvu za farasi 5 hivi hubeba takriban lita 0.6. Ikipungua robo lita tu, tayari kuna hatari.

Ndiyo sababu mahali pa kuweka mashine pana uzito. Kwenye ukingo wa mto ulioinama, oili hukusanyika upande mmoja, kijiko kikapiga hewa na vyuma vikasagana vikiwa vikavu. Mkulima anafaa kusawazisha ardhi kwanza, kisha apime oili injini ikiwa imezimwa. Oili ifike alama ya juu ya kijiti cha kupimia.

Baadhi ya injini zina kifaa kinachozima moto oili ikipungua. Mashine ya aina hiyo ikizima ghafla au ikikataa kuwaka, oili iangaliwe kabla ya kitu kingine. Wapo wanaokata waya wa kifaa hicho ili kazi iendelee. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele usiku.

Kuongeza oili hakutoshi, lazima ibadilishwe. Kwa injini nyingi za aina hii, mara ya kwanza ni baada ya saa 20 za kazi, kwa kuwa vyuma vipya hutoa vumbi la chuma. Baadaye ni kila saa 100 au miezi sita, kutegemea kinachotangulia. Wengi hushika hiyo miezi sita na kusahau saa. Anayemwagilia saa 5 kila siku hufikisha saa 100 kwa siku 20 pekee, kwa hivyo katika miezi mitatu atahitaji kubadilisha oili mara nne. Jumla yake haifiki lita tatu. Bei ya lita hizo ilinganishwe na ya pistoni, ringi na malipo ya fundi.

Oili ya SAE 30 au 10W-30 hufaa injini nyingi za petroli katika joto la Pwani, lakini kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Oili humwagwa injini ikiwa na joto kidogo, maana hapo hutoka na uchafu wake. Oili chafu isimwagwe mtoni wala kisimani. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, na kuna wanaochota maji hayo huko chini. Iwekwe kwenye mtungi na kupelekwa gereji.

Kichujio cha hewa kisafishwe kila saa 50, au mapema zaidi kwenye vumbi. Cha sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, kikakaushwa vizuri, kikatiwa oili kidogo na kukamuliwa. Cha karatasi hakioshwi. Plagi iliyojaa masizi isafishwe au ibadilishwe. Mvua zikianza na pampu ikipumzishwa, petroli itolewe kwenye tangi na kabureta, kwani ikikaa miezi kadhaa huacha utando unaoziba kabureta.

Kuna kosa moja ambalo haligharimu injini bali maisha. Pampu hizi huvuta maji kutoka kina cha mita 7 au 8 hivi tu. Maji yakishuka zaidi, wengine huteremsha mashine ndani ya shimo au kisima. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na shimoni haina pa kutokea. Anayeshuka kuzima mashine anaweza kuzirai na kufa, na anayemfuata kumwokoa vivyo hivyo. Mashine ibaki juu, mahali pa wazi. Mtu akianguka shimoni, mwingine asishuke. Wenzake waite msaada mara moja.

Mkulima ambaye maji yake yamepita kina hicho anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake kwa ushauri kuhusu aina nyingine ya pampu.