Nyuzi za Mwanga Kutoka Printa ya Mezani: Namna Plastiki Inavyogeuzwa Kihisi

Neno mkongo limezoeleka masikioni mwa wananchi kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na mikongo ya baharini inayotua Dar es Salaam. Ndani ya mikongo hiyo mna nyuzi za kioo nyembamba mfano wa unywele, zinazosafirisha mwanga uliobeba sauti, picha na takwimu. Sifa kuu inayotafutwa katika nyuzi hizo ni kwamba mwanga usipotee njiani. Ipo hata hivyo jamii nyingine ya nyuzi za mwanga, zilizoundwa kwa plastiki, ambazo hupoteza mwanga kwa kiasi kikubwa. Tangu mwaka 2015 watafiti wameonesha kuwa nyuzi za namna hiyo zinaweza kuanzia katika printa ya pande tatu inayokaa juu ya meza. Manufaa yake makubwa hayamo katika kusafirisha ujumbe, bali katika kuhisi joto, unyevu, mkunjo na mvutano.

Uzi wa mwanga una sehemu mbili: kiini kilicho katikati na ganda linalokizunguka. Mwanga husafiri polepole zaidi ndani ya kiini kuliko ndani ya ganda, na kwa sababu hiyo miale inayogonga mpaka wa sehemu hizo kwa pembe iliyolala haitoki nje, bali hurudishwa ndani na kuendelea na safari. Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi nchini Uingereza, alibainisha kuwa kioo kilichosafishwa ipasavyo kingeweza kubeba mwanga umbali mrefu kwa mawasiliano. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Upotevu wa mwanga hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinapopotea, mwanga unaobaki ni nusu ya ulioingia. Nyuzi bora za kioo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita. Maana yake, mwanga husafiri kilomita zipatazo 15 kabla ya kupungua kwa nusu. Nyuzi za akriliki, ambayo ndiyo plastiki itumikayo zaidi katika kazi hii, hupoteza takriban desibeli 150 kwa kilomita zikipitisha mwanga mwekundu, hivyo nusu ya mwanga huwa imekwisha ndani ya mita 20. Kwa mhandisi wa mawasiliano, tofauti hiyo inatosha kuiweka akriliki kando, isipokuwa kwa safari fupi za ndani ya nyumba au gari.

Kwa anayetengeneza vihisi, hesabu ni nyingine kabisa. Anachohitaji ni mita chache, pengine sentimita chache, na mwanga unaobadilika kila hali ya mahali inapobadilika. Uzi ukikunjwa, sehemu ya mwanga huvuja kwenye kona. Chombo cha kupokea mwanga kilicho mwishoni husoma upungufu huo, na kipimo cha mkunjo hupatikana. Plastiki ina faida mbili zaidi katika kazi hii. Kwanza, ukinzani wa akriliki dhidi ya kuvutwa ni takriban moja ya ishirini ya ule wa kioo, kwa hiyo uzi wake hufuata mwendo wa kitu ulichobandikwa badala ya kukizuia, na hurefuka pale ambapo kioo kingekatika. Pili, akriliki hunyonya maji kidogo kutoka hewani na kuvimba, jambo ambalo ni kasoro kwa wengi, lakini ni sifa kwa anayetaka kupima unyevu. Zaidi ya hayo, ndani ya uzi haupiti umeme. Kihisi cha aina hii hakiwezi kutoa cheche karibu na tangi la mafuta, wala hakivurugwi na sumaku kali ya mashine za uchunguzi wa kitabibu.

Kikwazo kilikuwa katika utengenezaji. Kwa desturi, uzi wa mwanga huanza kama mche mnene wa plastiki au kioo, mfano wa mche wa sabuni, ambao tayari una kiini na ganda lake. Mche huo huning'inizwa juu ya mnara, hupitishwa katika tanuri hadi ulainike, kisha huvutwa kwenda chini na kuwa uzi. Mpangilio wa ndani hubaki uleule, ila hupungua ukubwa. Kuandaa mche wenye matundu au maumbo maalumu kulihitaji kutoboa kwa mashine, kupanga mirija kwa mkono au kutengeneza kalibu, na kila badiliko la mchoro lilimaanisha kuanza upya.

Hapo ndipo printa ilipoingia. Mwaka 2015 watafiti nchini Australia, wakiwemo Kevin Cook na John Canning, walichapisha mche wa plastiki wenye duara moja la matundu kuzunguka kiini, kisha wakauvuta ukawa uzi. Matundu hayo yaliyojaa hewa ndiyo yaliyofanya kazi ya ganda. Kwa kihisi, matundu yana faida nyingine: kimiminika au gesi inaweza kuingizwa humo na kukutana na mwanga kwa karibu. Mwaka uliofuata timu hiyo ilionesha uzi wenye kiini na ganda la plastiki mbili tofauti, na mwaka 2019 watafiti wa Australia walifikia hatua ya kuvuta uzi wa kioo cha silika kutoka katika mche uliochapishwa.

Ieleweke kwamba katika njia hiyo printa huchapa mche, na mnara bado unahitajika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza walipunguza hatua hiyo mwaka 2018. Waliiwekea printa mdomo wenye umbo maalumu ndani yake, plastiki iliyoyeyuka ikatoka ikiwa na matundu yake, na ikavutwa papo hapo kuwa uzi.

Ugumu uliobaki uko katika usafi wa plastiki. Printa ya kawaida hulaza plastiki tabaka juu ya tabaka, na kila mahali tabaka mbili zisipoungana vizuri hubaki kiputo cha hewa kinachotawanya mwanga. Plastiki ikiwa imenyonya unyevu, maji huchemka mdomoni mwa printa na kuongeza viputo. Ndiyo maana malighafi hukaushwa kwanza, na uchapaji hufanywa kwa mwendo wa polepole na joto la juu kidogo kuliko kawaida. Hata hivyo upotevu wa nyuzi hizi hutajwa kwa sentimita, si kwa kilomita. Uzi unaopoteza desibeli moja kwa kila sentimita hubakiwa na sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wake baada ya sentimita 10. Kwa kihisi cha kubandikwa kwenye kifundo cha mkono au ndani ya kiatu, sehemu hiyo yatosha. Kwa daraja zima, haitoshi.

Lipo pia suala la kuaminika kwa kipimo, ambalo wapenzi wa printa hulipita haraka mno. Uzi wa plastiki hauhisi jambo moja pekee. Siku ya mvua, kihisi kilichowekwa kupima mvutano kinaweza kutoa usomaji uliobadilika kwa sababu ya unyevu tu. Nyuzi mbili zilizotoka printa moja nazo huenda zisilingane. Kwa hiyo kila kihisi hulinganishwa kwanza na kipimo kinachojulikana, na mara nyingi uzi wa pili usiovutwa huwekwa kando yake ili mabadiliko ya joto na unyevu yatambuliwe na kuondolewa katika hesabu. Joto lenyewe lina mpaka: nyuzi za kawaida za akriliki hazifai kutumika kwa muda mrefu kwenye joto linalozidi takriban nyuzijoto 85, hivyo mazingira ya injini na matanuri bado ni ya kioo.