Mvukuto wa kamera ya zamani: kuziba au kubadili?

Mhunzi ana mivukuto, mara nyingi jozi. Kamera kubwa ya zamani ina mmoja: ile sehemu iliyokunjwa kama kodiani kati ya lenzi na kioo cha nyuma. Kifaransa huita vyote viwili soufflet. Basi sioni haja ya kubuni neno. Mvukuto, ngeli ya M-/MI-, latosha, ijapokuwa huu haupulizi moto bali hulinda giza.

Swali si la msamiati tu. Nkambo wangu ameomba apigwe picha kwa kamera ya studio iliyompiga siku ya arusi yake, ya sentimita 13 kwa 18. Mvukuto wake umechakaa, na baba mdogo anataka ung'olewe na kutupwa.

Kwanza, upime. Usiku, zima taa, unyooshe wote, weka tochi ndani. Kila nyota unayoiona ni tundu, na kila tundu litatia ukungu kwenye filamu. Pembe hutangulia kutoboka, kwa kuwa mikunjo hukutana hapo.

Matundu yakiwa machache na ngozi ingali laini, ziba. Bandika kwa ndani vipande vyembamba vya kitambaa cheusi, kwa gundi isiyokauka ikawa ngumu. Kiraka kinene huzuia mvukuto kufunga.

Ngozi ikimeguka kila ukiikunja, badili. Pima fremu ya mbele na ya nyuma, hesabu mikunjo, kisha pima urefu wote. Urefu huo usiupunguze: lenzi ya milimita 210 huhitaji milimita 210 kwa mandhari ya mbali, lakini 420 kwa kunakili kitu kwa ukubwa wake halisi. Uso wa mtu uko katikati. Tandaza kitambaa cha ndani, gundisha vipande vya kadi ukiacha nafasi za mikunjo, funika kwa kitambaa cha nje, weka mshono upande wa chini. Kunja kabla gundi haijashika kabisa, ulaze chini ya uzito.

Ila ule wa zamani usitupwe. Ukifunguliwa kwenye mshono, unaonyesha kila kipimo, kama msemaji wa mwisho anayejua umbo ambalo kamusi haikuandika.

Wetu una matundu saba, yote pembeni, na ngozi bado inakunjika. Tunaziba. Baba mdogo amekubali kushika tochi.